Vitabu Viende Kimbiji

Zuhura mwanangu,

Salamu tulikwisha kupeana tangu alfajiri, na hali yangu unaisikia mwenyewe kupitia ukutani kila moshi wa jikoni unaponikoholesha, kwa hiyo hayo nayaruka. Wewe uko chumba cha ndani na shangazi yako Tatu, umesuguliwa singo mpaka unang'aa, mikono na miguu imejaa hina. Mimi nimejificha stoo, nimekalia gunia la mchele, na wanaonitafuta wanaambiwa nimekwenda kuazima masinia. Nimeona nikuandikie, maana nikija kusema mbele ya wanawake wote waliojaa humo ndani nitalia, na wao watalia kwa kunifuata, na hina yako itaharibika.

Sikuandikii habari za kupika wala za kumtunza mume. Hayo shangazi yako ndiye somo wako, anakufunda, tena kwa maneno ambayo mimi nisingethubutu kuyaweka kwenye karatasi. Nakuandikia habari ya vitabu.

Juzi jikoni ulinambia, huku unachagua mchele, hata uso hukuuinua: "Mama, vile vitabu viache hapa hapa. Kule Kimbiji wataniona najifanya." Nikakujibu, "Haya," nikaendelea kukuna nazi. Lakini ile "haya" haikuwa ya moyoni. Kesho asubuhi lori la nazi la wakwe zako, kina Salehe, linakuja kuchukua vyombo vyako: kitanda, godoro, masufuria, mikeka, kasha la nguo. Nataka na vitabu vipakiwe. Nitakueleza kwa nini, na nitazunguka kidogo kama kawaida yangu, nawe utanivumilia kama kawaida yako.

Mimi nilipoolewa na baba yako niliingia hapa Mtoni nikitokea Pugu, nikiwa na kitabu kimoja tu, kile cha babu yako. Unakijua, umekishika mara ngapi: jalada la ngozi, herufi za Kiarabu za chuoni, mwandiko wa babu yako mwenyewe. Babu yako alikuwa fundi wa kofia. Mchana alidarizi, na kazi ikipungua alinakili hadithi za masultani na majini kutoka kwa yeyote aliyekubali kumwazima kitabu. Na pembeni mwa kurasa, kila palipobaki nafasi, alichora vyumba vyumba vyenye nukta na tarakimu. Ilikuwa michoro ya vitobo vya kofia, asije akasahau ua alilolibuni. Karatasi ilikuwa ghali, na yeye hakupenda kuona mahali peupe panapotea bure.

Mama yangu alinikataza kwenda nacho. Bi harusi anayesoma, alisema, ataonekana ana kiburi. Nami nikajifanya mjanja. Nikafumua mshono wa godoro langu la sufi, nikakitia katikati kikiwa kimefungwa kitambaa cheupe, nikashona upya. Nililala juu yake siku za mwanzo za ndoa yangu nikijiona nimewaweza wote.

Mavyaa wangu, yaani bibi yako mzaa baba, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke wa kazi. Harusi haijapoa akalitoa godoro uani kulianika na kulipiga fimbo. Fimbo ikagonga kitu kigumu. Akapapasa, akachana, akatoa kile kifurushi. Akakifungua, akaona maandishi ya mkono, akaona vile vyumba vyumba vyenye tarakimu. Wewe umezaliwa pwani hii, huhitaji kuambiwa alifikiri nini. Kitabu cha falaki. Mke wa mwanawe ameleta uganga wa kumfunga mume, tena kaulaza chini ya mgongo wake.

Hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Alinitazama tu, akasema, "Mwanangu halali humu tena." Baba yako akahamia chumba cha mama yake. Mimi nikabaki na kitanda kipana na godoro lililochanika, sufi inaruka chumba kizima. Nilimwambia, "Mama, ni hadithi tu zile." Akanijibu, "Hadithi inashonewa godoroni?" Nilikwisha kufunga nguo zangu, maana nilijua wakati wowote nitarudishwa Pugu, na baba yangu ataulizwa alimfundisha nini binti yake. Sijapata kuogopa namna ile, si kabla yake wala baadaye.

Akaitwa mwalimu wa chuo wa hapa mtaani aje akisome, aseme ni kitabu gani. Alikuja baada ya sala ya adhuhuri. Akaketi barazani, akavaa miwani, akafungua. Bibi yako kasimama mikono kiunoni, mimi niko nyuma ya mlango, roho juu. Mwalimu akasoma. Akalowesha kidole, akafunua. Akasoma, akafunua tena.

"Vipi, mwalimu?" bibi yako akauliza. "Cha kufunga au cha kuua?"

"Ngoja kidogo, bibie."

"Ningoje nini? We sema tu, mie nishajiandaa."

"Bibie, hebu nipe nafasi. Huyu mke wa sultani kafungiwa ghalani, na yule aliyemfungia ndiye anayeulizwa funguo ziko wapi."

Halafu nikamsikia bibi yako, kwa sauti nyingine kabisa: "Nani kamfungia?"

"Waziri."

"Waziri huyu huyu anayekula kwao kila siku? Lo, hana haya!"

Mwalimu akamsomea mpaka ilipoadhiniwa alasiri. Alipoinuka kwenda msikitini akasema hivyo vyumba vya pembeni ni kofia, hata yeye anayo moja yenye ua lile. Bibi yako hakuniomba radhi. Hakuwa mtu wa hivyo. Alikuja mlangoni kwangu na kitabu mkononi. "Weye unaweza kukisoma hiki?" "Naweza, mama." "Basi njoo uani. Yule mwanamke bado yumo ghalani." Baba yako alirudi chumbani siku hiyo hiyo, na godoro nikalishona mimi.

Kwa hiyo, Zuhura, kilichonitia matatani hakikuwa kitabu. Ni godoro. Kingefika juu ya sinia, kimekaa na vikombe na birika, watu wangekitupia jicho wakapita. Nilipokificha nilikuwa nimewaambia kwa mdomo wangu kwamba kina ubaya ndani yake. Nimeishi na hilo miaka yote, na hata leo nikiona mtu anaficha kitu chake kizuri ili asichekwe, natamani kumfumulia mshono mwenyewe.

Ule usomaji wa uani uliokukuza ulianzia hapo. Bibi yako ndiye aliyeweka utaratibu wake: wanawake wanakuja na ukili wao, kila mtu anasuka, na anayesoma hasuki, wenzake wanamsukia fungu lake. Wewe uliyakuta mambo yameshakaa sawa, ukadhani ndivyo ilivyo dunia nzima. Karibu mikeka yote ya nyumba hii, na ile unayoondoka nayo kesho, imesukwa na mikono ya watu wengine kwa sababu mimi nilikuwa nasoma. Na Kimbiji nako wanasuka, mwanangu. Mama yake Salehe alipokuja kuleta posa nilimtazama vidole: vile ni vidole vya ukili. Mwanamke anayesuka mchana kutwa masikio yake yako wazi, ila hujui bado anapenda kusikia nini. Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza kule, kujua kila mtu anapenda kusikia nini.

Usianze na kitabu cha babu yako. Anza na kile cha mpishi wa meli. Najua wewe hukukipenda, ulisema hakina kisa. Kweli hakina. Bwana yule kazunguka bandari zote za dunia, na kila akishuka anatueleza kwanza walikula nini, samaki wa kule anaokwa au anachemshwa, pilipili yao kali au butu. Lakini wasomee wageni. Watakatiza, watabisha, watasema samaki hapikwi hivyo hata kidogo, na kabla hamjafika bandari ya tatu mtakuwa mmejuana. Mimi hukisoma nikiwa na hasira. Huwezi kumkasirikia mtu vizuri huku unasoma namna ya kuoka chewa.

Kile cha upelelezi, kile nilichokikata gazetini nikakishona kwa uzi wa cherehani, kina kipande hakipo. Mwenye bajia wa pale njia ya Kilwa alikifungia bajia, na nilipogundua nilikuwa nimekwisha kuzila, karatasi imeloa mafuta haisomeki. Ukifika hapo waambie wasikilizaji wakisie wenyewe kilichotokea. Ila jihadhari. Mimi nilipowasomea wenzangu, uani hapa palifanyika upelelezi mpaka basi. Kila kuku aliyepotea alitafutiwa nyayo, watu wakachunguzana kucha, na mpishi wa maulidi akahojiwa kama mtuhumiwa. Tulivunjika mbavu, lakini jirani mmoja hakusema nami mwezi mzima.

Kijitabu cha serikali cha ufugaji wa kuku usikidharau. Hakuna utamu ndani yake, kimeandikwa na mtu ambaye nadhani hajapata kucheka tangu azaliwe. Lakini kila nilipokifuata kuku walipona, na kila nilipojifanya najua zaidi walikufa. Kiweke karibu na banda.

Mashairi usiyasome umekaa. Yasome unatwanga au unafagia, kwa sauti, hata kama unaona aibu. Mimi nilijaribu kuyasoma kimya kimya kama wasomi, nikayaona makavu, nikayaweka pembeni miaka. Siku moja nikawa natwanga kisamvu nikakumbuka beti mbili, na mchi ukaanza kwenda nazo. Tangu hapo nikajua kosa lilikuwa langu.

Na kile cha mahaba. Eti nilikificha juu ya dari usikione. Uliposhuka na utando wa buibui kichwani ukasema ulikuwa unatafuta jongoo, nilitamani kucheka nikajikaza. Nilikukataza kitabu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakisoma kila ulipokwenda shule. Sasa kimo sandukuni na vingine. Kisome, ila usimpime Salehe kwa yule kijana wa kitabuni anayesimama kwenye mvua usiku kucha chini ya dirisha la mpenzi wake. Wanaume wa kweli wakisimama mvuani hupata homa, na wewe ndiye utakayekesha unawauguza.

Kuhusu Salehe lipo jambo jingine, na hili si la kucheka. Zamani baba yako akitoka kazini bandarini alikuwa akihudhuria madarasa ya jioni ya watu wazima, ajifunze herufi za Kizungu. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Jioni moja alinunua gazeti, akaketi hapa barazani, akaanza kunisomea, neno kwa neno, kidole chini ya mstari, jasho linamtoka. Alifika kwenye neno refu akalikata vipande, akalirudia, akalikosea tena. Mimi nikacheka. Sikuwa na nia mbaya, nilicheka tu kama ninavyocheka kila kitu. Alikunja gazeti, akasema amechoka. Mpaka leo hajanisomea tena hata bahasha. Tunaposoma uani yeye huketi chumbani mlango ukiwa wazi kidogo, na nikipunguza sauti nasikia kitanda kinalia, anasogea. Naongeza sauti, basi. Hatujapata kulizungumza. Salehe anapenda kurasa za mpira, na nimemsikia akisoma, anajikwaa. Akijikwaa, tazama kwingine. Ngoja afike mwisho wa sentensi.

Kipo kimoja nilichokuwa nakichukia. Kile kilichotiwa Kiswahili kutoka Kizungu, cha mjane wa nchi ya baridi anayeoka kila asubuhi mkate wa mwanawe aliyekwenda asirudi. Nilikisoma mara ya kwanza nikamwona mwanamke mjinga, nikamwambia bibi yako hawa Wazungu wanapoteza unga. Halafu akafariki ndugu yako Idi, kwa homa ile, na wewe, mwanafunzi wa shule, ukarudi kuning'inia kwenye kanga yangu kama mtoto mchanga. Arobaini ikapita. Siku moja nikajikuta nimepakua sahani yake. Niliitazama sahani ile, ubwabwa unatoa mvuke, sikujua niifanye nini. Sikutaka mtu aniliwaze. Nilikwenda nikakitafuta kitabu kile, nikakaa nacho sakafuni na yule mjane wangu, na nililia mpaka nikachoka. Sikwambii ukisome sasa. Kiache chini kabisa ya sanduku. Naomba Mungu usikihitaji, lakini kiwepo.

Unaona sasa kwa nini sitaki vibaki. Lakini bado sijafika kwenye lenyewe.

Shangazi yako Tatu hawezi kuweka siri, ndiyo maana nampenda. Jana alinivuta pembeni akaniambia ulichomwambia wewe alipokuuliza. "Si mambo ya kujifanya, shangazi," ulimwambia. "Mie kule sijali watu watasema nini. Ila nikivibeba vyote, Mama atabaki na nini? Mie sipo, vitabu havipo. Atakaa anatazama ukuta?"

Nilikwenda kusimama nyuma ya choo nikalia huko, kwa sababu nyumba nzima imejaa watu na hapakuwa na pengine. Nililia kwa furaha, nikalia kwa uchungu, na kidogo kwa hasira, maana nimekulea unionee huruma? Huyu aliyeniketisha mkekani, akiwa darasa la kwanza, akanifundisha herufi za Kizungu alizofundishwa asubuhi, na kunichapa kijiti nilipozikosea, leo ananihurumia! Wakati ule hukunihurumia hata chembe, na ndiyo maana nilijifunza.

Sasa nisikilize. Ukiniachia vitabu hivi kwa huruma, kila nitakapofungua nitaiona huruma yako, sitaiona hadithi. Mke wa sultani atatoka ghalani mimi sina habari, nafikiri tu kwamba mwanangu yuko Kimbiji hana cha kusoma kwa ajili yangu. Hicho kitabu gani tena? Afadhali huo ukuta.

Na ukweli mwingine, ambao sikupenda kuusema: vitabu hivi nimevimaliza. Cha babu yako nikifumba macho nakisoma. Najua mpishi analia kwenye bandari gani, namjua mwizi kabla ya mpelelezi. Nimevisoma kwa sababu nilivipenda, na nimevirudia kwa sababu wewe ulikuwapo, unasikia kwa mara ya kwanza, nami nikikutazama uso nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza pia. Ukiondoka wewe, hicho kimekwisha. Vitabu vikibaki havitanirudishia. Nitakukosa, Zuhura. Nakwambia wazi ili usije ukadhani mama yako ana moyo wa chuma: nitakukosa vibaya sana, na hakuna kitabu cha kuziba pengo hilo, kwa hiyo usijaribu kuliziba.

Sanduku nimelipanga mwenyewe leo mchana. Nimelizungushia kamba ubavuni na nimemwambia utingo wa lori lipandishwe mwisho, likae juu ya vyote, kifuniko wazi, ili kila atakayetoka nje kutazama vyombo vya bi harusi, kuanzia hapa mpaka Kimbiji, avione. Wakiuliza ni vya nini, waambie waje na ukili wao wasikilize.

Lakini huendi bure. Salehe anasema mwalimu wa shule ya kule ana kabati la vitabu, na yeye mwenyewe huja mjini na nazi kila mara. Tangu ulipojua kusoma mimi ndiye niliyekuchagulia: soma hiki, hiki bado, hiki kisubiri ukue. Sasa zamu yako. Nitafutie kitabu ambacho sijakisoma. Usinitumie kilicho chepesi kwa sababu nimezeeka, wala usinifiche cha kuhuzunisha. Kisome wewe kwanza, kisha umpe Salehe aniletee, nami nitakwambia bila kukuonea haya kama umechagua vizuri.

Shubaka la ukutani vilipokuwa vikikaa vitabu nimelifuta vumbi, na sitaweka humo kikombe wala taa. Nitawaambia wanawake wa ukili kwamba wiki hii hatusomi, tunangoja mzigo kutoka Kimbiji.

Wananiita, masinia yamefika.

Mama yako anayekuonea fahari,
Mwanaisha